Mara tatu ya maziwa ya Liam

Obedi, treni ilikuwa imeshatoka stesheni ya Tumba, nami ndani na zoezi langu la hesabu.

Béata, yule mama tunayesoma naye darasa la watu wazima, akachungulia. Swali ni 3(a + 2), mimi nimeandika 3a + 2. Akacheka: "We mzee, tatu umempa mmoja, mwenzake umemnyima? Kila aliye ndani ya mabano anapewa!"

Kila aliye ndani! Nikakumbuka chupa niliyoacha nyumbani.

Asubuhi binti yangu Ariane aliniambia nimtengenezee mtoto wake Liam chupa: vijiko viwili vya maziwa ya unga, maji mililita sitini, vyote mara tatu. Nikatia vijiko sita. Maji nikayaacha sitini! Yakawa mazito, nikafurahi, nikasema mjukuu atashiba. Mtoto wa miezi miwili, Obedi! Maziwa mazito hivyo yangemuumiza figo!

Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena. "Ariane, usimpe!"

"Baba, nahangaika naye tangu umeondoka, analia tu. Hayatoki, chuchu ya chupa imeziba!"

Imeziba, Obedi. Imeziba!

Liam ametengenezewa mengine, amelala. Ariane hataki niguse chupa tena. Béata ameenda darasani. Mimi nimekaa stesheni, narekebisha zoezi: 3a + 6.