Karatasi ya Hamisi

Gazi, Jumatatu, 1955. Mawingu tangu alfajiri, ila mvua yenyewe haijaamua.

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Gazi na viunga vyake kwamba kofia yangu ya vito, ile ya kudariziwa ninayoivaa Ijumaa, imeliwa na mbuzi wa jirani. Imeacha kipara kimoja.

Bi Mwanaisha aliponiona asubuhi, tukitoka kwenda kituo cha polisi, alicheka. "Baba Saidi, jua likitoka askari watadhani tumekuja na taa!" Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika mwanawe, wiki mbili sasa. Nikamsamehe mbuzi.

Mwanawe, Hamisi, alikuwa mkata boriti. Alikamatwa huko mikokoni kwa kukata bila kibali. Siku ya tatu lori la polisi likamrudisha kafunikwa turubai. Homa, wakasema. Hamisi, aliyekuwa akibeba boriti mbili begani huku anaimba.

Leo tumekwenda kituoni mara ya nne kuomba karatasi ya daktari. Mimi huchukuliwa kwa sababu nasoma kidogo, na kwa sababu nimezoea kuambiwa hapana.

"Karatasi ipo," karani akasema. "Lakini ni ya serikali, mama. Si ya familia."

"Na mtoto alikuwa wa nani?"

Karani akafunga jalada.

Kurudi, Bi Mwanaisha alitembea upesi mpaka tulipokaribia nyumbani. Akasimama katikati ya njia.

"Wale wana karatasi yao, Baba Saidi. Wewe una macho yako. Wewe ndiye uliyemwosha."

Ni kweli. Mimi ndiye mwosha maiti wa hapa. Na mwosha maiti hasimulii alichokiona chini ya shuka. Ndivyo alivyonifunza marehemu baba, na ndivyo nilivyomjibu, kwa sauti ya kishekhe kabisa, na kipara changu wazi.

Hakubishana nami. "Haya," akasema, akatangulia.

Nimekaa na daftari hili tangu alasiri. Adabu ile ni ya kusitiri aibu ya maiti. Aibu niliyoiona mimi haikuwa ya Hamisi.

Nyumba ya mama yake naiona kutoka hapa nilipokaa. Sijainuka.

Basi walau niandike. Mbavu za kushoto zilibonyea chini ya kiganja changu. Vifundo vya mikono vilikuwa na michubuko ya kamba, pande zote mbili. Mgongo sikuthubutu kuumwagia maji kwa kata. Niliupapasa kwa kitambaa, kana kwamba bado anaweza kuumia. Askari aliyekuja na lori alisimama mlangoni muda wote. Nilipokuwa namalizia akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, bwana."

Wala haikuwa adabu. Nilimjibu upesi, na sanda bado sijaifunga.