Mfungo wa Watu Wawili

Jumatatu, 6 Machi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mgonjwa akila yai wakati wa Kwaresima amempunja Mungu. Mwili tumekabidhiwa, kuutunza nako ni utii. Tangu nipasuliwe moyo, Padri Gavrilo ameniagiza: kula, lala mchana, tembea hadi uzio wa jirani asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo sala yangu mpaka Pasaka. Ninatii.

Leo samaki — mtamu. Mke wangu hakuketi. Desanka alisimama jikoni tu. Ameshakula, eti. "Wewe tafuna, mwalimu. Somo baadaye."

Ameshakula saa ngapi?

Jumatano, 8 Machi

Sufuria yake ya maharage iko vilevile. Nimefunua kifuniko kama mwizi. Pete ameizungushia uzi isimdondoke. Nikamuuliza, sukari yako imepanda? Akanijibu sukari iko kabatini.

Vidonge vyake vya kisukari vinapungua, nimeviangalia. Chakula hakipungui. Labda daktari amemwambia jambo baya, nami nafichwa kwa ajili ya moyo wangu.

Ijumaa, 10 Machi

Amerudi kanisani akishika ukuta. Ati moshi wa ubani. Ubani huohuo tangu tuoane.

Jumapili, 12 Machi

Nimetembea hadi uzioni. Radojka, jirani yetu, alikuwa anakata matawi ya mzabibu. Nikamchokonoa polepole: Desanka ana nini?

Akashangaa kwamba sijui. Kanisani wanajua wote. Desanka anafunga mifungo miwili, wake na wangu. Hatii kitu mdomoni mpaka jioni, na jioni ni mkate na maji. "Wenzangu wanamwita mtakatifu," akasema. "Mimi namwita kichwa ngumu. Lakini nani ataniuliza?"

Vidonge bila chakula! Nikarudi haraka kuliko nilivyoruhusiwa.

Desanka hakukana. Mfungo, alisema, haulazwi sakafuni kama koti. Mmoja akiutua, mwingine aubebe. Nikamweleza kwamba Padri hakuutua, ameuondoa kabisa.

"Amekuondolea wewe. Mimi hakuniuliza."

Nikamweleza tena, kwa utaratibu, kwamba kiungo kimoja kikiumia mwili wote huumia. Alisikiliza vizuri sana. Mno. Wanafunzi wangu waliokuwa hawanielewi ndio waliosikiliza hivyo. Mwishoni akaahidi kula. Sikumwamini.

Jumatatu, 13 Machi

Asubuhi bakuli lake lilikuwa na mabaki ya maharage. Nikafurahi. Kisha nikawaona kuku wa Radojka wakidonoa maharage chini ya uzio.

Sikumsema. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, yeye akawa anakanda unga, akakaa chini ghafla. Jasho jingi, mikono inatetemeka. Nilimpa maji ya sukari. Akanywa mafunda mawili, akageuza uso: jua bado halijazama. Nimempigia daktari, yuko njiani. Padri naye kasema kwenye simu, kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao, nimwambie Desanka kwamba ale, na kwamba hilo ni agizo.

Nimemwambia. Anasema huenda nimelitunga mwenyewe.

Sasa amelala kwenye kochi, macho wazi, kikombe hakijapungua tena. Nami nimekaa mezani nikipanga hoja za kumshawishi, ya kwanza, ya pili.

Acha kalamu, mzee. Leo usimweleze chochote: nenda ukae karibu naye, umlishe kijiko kwa kijiko.