Naogopa Kukaa Kwenye Benchi la Chanjo

Bi Asma, shikamoo, na assalamu alaykum. Mie ni msichana wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Pemba, kwetu ni Gando, naomba unisaidie upesi kwa sababu jambo langu haliwezi kungoja na sina mwengine wa kumwambia.

Nimezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu ya mifupa, na wanaojua ni mama na baba tu. Tulikuwa wawili wenye nao, mie na mdogo wangu Hafiz, na Hafiz alipata mafua, mafua haya haya ya watu wote, asubuhi anapiga chafya na kucheka, jioni kifua kimembana, na akatutoka kabla hatujamfikisha hospitali. Tangu hapo mama akisikia mtu anakohoa hunivuta nyuma yake kama mtoto mdogo. Lakini ni huyo huyo mama aliyenikalisha chini nilipopata nafasi ya chuo akaniambia, "Usimwambie mtu mpaka uolewe na uzae. Wakijua, mlango wetu hautapigwa hodi." Basi maumivu yakinishika nasema ni chango, na wenzangu hunichemshia maji ya moto ya kukanda tumbo, nami najikanda.

Mwaka huu nimeposwa. Mchumba wangu Suhail ni mwalimu wa skuli upande wa Mkoani, kijana mpole na mwenye dini, na dada yake Kauthar ndiye ninayekaa naye chumba kimoja dakhalia, bwenini kwetu chuoni, ndiye aliyenitaja kwao mpaka wakaja. Nikah ni baada ya mitihani, inshaallah.

Sasa mafua makali yameingia dakhalia yetu. Wa kwanza kulazwa ni Mwanakhamis wa chumba cha pili, na Mwanakhamis si mtu wa kuugua, ni yule anayepanda ngazi na ndoo za maji mikono yote miwili huku anaimba kasida. Nimemuona kwa macho yangu anateremshwa kwa kiti, midomo imebadilika rangi, kila pumzi anaitafuta. Nikajiambia, ikiwa yeye ni hivi, mie nitabaki nini?

Halafu nesi wa zahanati ya chuo, Bi Mardhiya, akaja ukumbini akatwambia imepatikana chanjo ya mafua kwa wanafunzi ila ni chache, haitutoshi sote, kwa hiyo wataanza wenye pumu, sukari, moyo, selimundu na wenye mimba, kisha itakayobaki ndiyo ya wengine, na ikimalizika haijulikani nyengine itakuja lini. Moyo wangu ulifurahi na kuanguka papo hapo, kwa sababu wanaongojea kuchanjwa hukaa kwenye benchi barazani, mbele ya zahanati, njia ya kwenda chakulani, na kila anayekaa pale watu hunong'ona, huyu naye ana nini? Nilijikaza nikenda. Nafika mlangoni, anayepokea watu na kuwapanga ni Kauthar, amejitolea kumsaidia nesi.

"Unataka nini, wifi?" akaniuliza, anatabasamu.

Nikamwambia nataka panadoli, kichwa kinaniuma. Akaniletea. Nikarudi nazo chumbani nikazitia chini ya mto.

Na kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba tangu jana Kauthar mwenyewe anakohoa. Baina ya kitanda chake na changu ni upana wa mkeka. Nimefungua dirisha, namgeuzia mgongo, najifunika pua kwa mtandio, na yeye anaona namnyanyapaa, na kila nikimeza mate nalisikiliza koo langu kama limeanza. Nikikaa kwenye benchi nampoteza mume na kumuaibisha mama yangu, nisipokaa naogopa nitamfuata Hafiz. Nifanye nini, Bi Asma? Namba yangu ya simu iko hapa chini, tafadhali usiitoe gazetini.

Mwenye hofu, Pemba.

*

Mwanangu mwenye hofu,

Gazeti hili hutoka Ijumaa na barua yako nimeisoma Jumatatu. Majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha yote na namba yako sikuitoa, lakini nimeitumia, kwa sababu chanjo iliyo chache haingoji Ijumaa. Wasomaji wengine watakaosoma haya wajue kuwa tumeshazungumza.

Ulipopokea simu ulikuwa unanong'ona, nikakwambia utoke nje ya chumba kwanza. Swali lako la mwanzo halikuwa juu ya kifua chako. Uliniuliza, "Nikionekana, Bi Asma?"

Nikakujibu, "Na ukiteremshwa kwa kiti kama mwenzio, hutaonekana?"

Maneno yale yalikuwa makali na sikuombi radhi kwayo. Msichana wa chuo kikuu, umemzika ndugu yako kwa mafua, chanjo iko hatua chache kutoka kitandani pako na jina la ugonjwa wako limetajwa ukumbini, weye unarudi na panadoli! Nikakuamuru umpigie Bi Mardhiya saa ile ile, umwambie ukweli wote, umuombe akuone wakati barazani hakuna watu. Siri ya mgonjwa ni amana kwa nesi. Hukuamini, lakini ulipiga, naye akakwita baada ya alasiri, akakuingiza chumba cha ndani, akafunga mlango, akakuchanja. Benchi ulilokuwa ukiliogopa ni la kungojea tu, mwanangu. Hakuna aliyesema ni sharti ulikalie.

Sasa sikiliza. Chanjo si hirizi. Mwili unahitaji kama wiki mbili kujijengea kinga, na hata baada ya hapo mafua yanaweza kukugusa, ila uwezekano wa kukuangusha vibaya hupungua. Kwa hiyo usirudi kulala chumba cha mtu anayekohoa. Ukihisi homa au kifua kubana, usingoje kukuche wala usingoje mama aje, nenda hospitali, na mlangoni pale pale sema una selimundu. Chango lisitajwe tena. Daktari hatibu ugonjwa aliofichwa.

Mama yako sitamlaumu sana. Amezika mtoto, na aliyebaki anataka kumuona ana nyumba yake. Lakini alichokufundisha ni hatari, na umwambie hivyo kwa adabu, ukiwa umemshika mkono.

Kuhusu Suhail, nilikwambia ajue kabla ya nikah, na ajue kutoka kwako. Si kwa kuwa una kasoro ya kukiri, bali kwa kuwa naye lazima apimwe damu. Watu wengi wamebeba asili ya ugonjwa huu bila ya kuumwa hata siku moja. Akiwa hana, watoto wenu hawataumwa kama unavyoumwa weye. Akiwa nayo, kila mimba itakuwa na hatari ya mtoto kuurithi ugonjwa, na hilo mnapaswa kuliamua wote wawili macho wazi, na daktari kando yenu.

Jumatano ulimwambia Suhail, baba yako akiwapo. Umeniarifu kwamba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hivi sasa unaumwa, kisha akaomba apewe nafasi ya kufikiri. Kauthar, ulipomwambia naye, ndiye aliyekasirika, na si kwa ulilodhani. "Ungeniambia, ningehama mimi," alikwambia, akakunja godoro lake akaenda kulala kwengine. Na Mwanakhamis, alhamdulillahi, ameanza kunywa uji.

Gazeti linakwenda mtamboni na Suhail hajapiga simu. Umeniandikia tena leo kuuliza, asipopiga? Sijui, mwanangu, na sitakudanganya. Usimtumie jamaa kumbembeleza, usimpigie kumuuliza, muache afikiri. Akipiga, mwende pamoja mkapime kabla ya kuzungumza neno jengine lolote. Asipopiga utalia, nami sitakukataza, kwani mtu kama yule ni haki yake kuliliwa. Ila hofu uliyoniandikia haikuwa ya kukosa mume. Ilikuwa ya kumfuata ndugu yako. Lia kadiri utakavyo, mradi upo wa kulia.