Barua ya Kuombea Bastola

Aleksi, upo? Nimetoka ofisi ya mtaa sasa hivi, sijui nicheke au nihame Ntalikwa.

Si nilikwambia nimeshachagua bastola ya kulengea shabaha? Ile ndogo ya risasi za pointi ishirini na mbili, inajipakia yenyewe, haipigi teke ukifyatua. Basi polisi wanataka kwanza barua ya mtaa kwamba mimi si mtu wa hatari.

Mwenyekiti wetu, Bi Zuwena, akawauliza wajumbe wa kamati, "Nurdini ana hasira?"

Jirani yangu Mzee Kasubi akasimama. "Hasira anazo. Ila mwaka jana alimrushia jogoo wangu kiatu toka hatua tatu tu, akamkosa, akavunja birika la mkewe."

Birika, Aleksi. Mbele ya kamati nzima.

Nikamgeukia Zamda, mke wangu wa ndoa, anitetee. Akasema taratibu, "Mabirika yalikuwa mawili."

Wamenipitisha kwa kauli moja. Barua ninayo hapa, ina muhuri juu, na inasema: "Kamati imejiridhisha kwamba mwombaji hawezi kumdhuru mtu yeyote, hata akikusudia."

Hata akikusudia.

Na shahidi aliyesaini chini ni Zamda.