Mikono Isiyo ya Bibi

Jumapili, Novemba. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na kengele za kanisa hazitaki kunyamaza.

Nina hasira. Naanza na hilo ili atakayesoma asitafute hapa vichochoro vya mawe na maua ya madirishani. Hayo niliyaandika wiki zilizopita, tena kwa madaha. Leo sina.

Huu ni mwezi wangu wa tatu Italia, kwenye mji mkongwe uliokaa juu ya kilima, nasomea uchoraji. Nyumba zote za mawe, njia zote ngazi. Saa saba mchana maduka yanafungwa, watu wanakwenda kulala, na wewe mgeni mwenye njaa utajijua mwenyewe. Kahawa wanainywa wamesimama, kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Vijana wamehama, waliobaki ni wazee. Mwenye nyumba wangu ni mama wa miaka themanini na kitu, namwita Signora kama wanavyomwita wote. Anaishi chini yangu. Kila Jumamosi nambebea mfuko wake kutoka dukani hadi mlangoni, ngazi kwa ngazi, huku anaongea na mimi naitikia ile nusu ninayoielewa.

Hakuna aliyenituma. Nilianza kumbebea kwa sababu alinikumbusha Bibi, mama yake Mama, aliyenilea Muleba mpaka nilipofaulu kwenda sekondari na kuhamia kwa Mama huko mjini, Kashai.

Sasa nieleze vizuri, maana kichwa kinaniruka.

Mwalimu wetu alitupa kazi ya kuchora mikono ya mtu aliyetulea, ikiwa kazini. Akakataza kuchora kwa kukumbuka, eti kumbukumbu ina upendeleo. Tutazame. Tulio mbali na kwetu tuombe picha. Kazi inatakiwa Jumatano.

Nikamwandikia Mama: naomba picha ya mikono ya Bibi, akifanya kazi yoyote ile. Mama yangu hujibu ujumbe hata akiwa anapima sukari ya mteja dukani. Safari hii alichukua siku nne. Nikalaumu mtandao.

Ijumaa picha ikaja. Mikono miwili inanyonyoa mabawa ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ungo uko magotini, na chini ya ungo kile kitenge cha Bibi cha kijani chenye ndege wa njano. Nilicheka peke yangu. Bibi hajawahi kula senene. Alikuzwa enzi ambazo mwanamke alinyonyoa, akakaanga, na wanaume ndio wakala. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja nitamfumania jikoni mdomo umejaa. Na kweli nilisikia harufu ya ule ukaangaji, hapa hapa, kwenye chumba kinachonuka mawe yenye unyevu.

Jana asubuhi nikabandika karatasi ubaoni, nikaanza. Nikachora ungo. Nikachora kitenge, ndege mmoja mmoja. Nikafika kwenye vidole.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Bibi hakikunjiki. Alijikata akimenya ndizi kabla mimi sijazaliwa, kikapona kikiwa kimenyooka hivyo hivyo. Nimekichora tangu darasa la pili, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, na nilichapwa kwa ajili hiyo. Kwenye picha kidole hicho kimekunjika vizuri kabisa, kimeshika bawa la senene.

Nikaikuza picha. Nikaikuza tena.

Haikuwa mikono ya Bibi.

Ilikuwa ya Mama mdogo Leokadia, kucha zake nazijua. Nikamtumia Mama sauti: "Mama, hii mikono ni ya nani?" Nikaona ameisikiliza. Badala yake akapiga kaka yangu Projestus, ambaye huwa hapigi simu mpaka siku yake ya kuzaliwa.

"Koku, umekaa?"

"Nimesimama."

"Bojo, tafadhali, kaa kwanza."

Wiki tano! Bibi amefariki wiki tano zilizopita. Wamemzika Jumamosi, kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, karibu na ile mibuni yake. Matanga yamekwisha, nyasi walizolalia waombolezaji zimetolewa, watu wamerudi makwao. Wajukuu wote walikuwepo. Hata yule binamu yetu wa Kagondo ambaye hakuwahi kumpelekea Bibi hata kipande cha sabuni alikuwepo, na nina hakika alilia kuliko wote.

"Tulikaa kikao," Projestus akasema. "Tukakubaliana tukwambie ukimaliza mitihani."

Kikao. Walikaa wakajadili kifo cha Bibi yangu mpaka wakanitoa mimi kwenye orodha. Nina miaka ishirini na nne. Nimevuka bahari na begi la kilo ishirini na tatu, nimejifunza kuomba mkate kwa lugha ya watu, halafu ukoo mzima umeamua mimi ni mtoto wa kudanganywa kwa picha.

Na ile picha! Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Kunyamaza ningekuelewa, watu wa kwetu hunyamaza. Lakini mtu alikwenda kufungua sanduku la marehemu. Mtu alichagua kitenge. Mtu alimwambia Mama mdogo keti hapa, shika ungo, inamisha mikono, uso usionekane. Mama mdogo naye akaketi! Nani alipiga picha? Walipiga ngapi kabla ya kuridhika?

Nimerudi nyuma kwenye ujumbe wetu, nikatafuta ile Jumamosi ya mazishi. Heri nisingetafuta. Siku hiyo nilimwandikia Mama kwamba nimebeba viazi vya Signora ngazi zote zile, kwamba sasa nimeanza kuuzoea mji, kwamba wazee wa hapa wananisalimia madirishani. Mama akajibu: "Hongera mwanangu. Bibi anakusalimia."

Alikuwa ameketi kwenye nyasi, msibani, akaandika hivyo.

Alikuwa amempoteza mama yake. Najua. Leo sitaki kujua.

Basi siku wenzangu wanamfukia Bibi, mimi nilikuwa nabeba viazi vya bibi wa watu. Asubuhi hii Signora amegonga, nadhani alitaka tushuke wote kanisani. Nimefungua, nikamtazama, nikafunga mlango bila neno. Nimemsikia akisimama pale muda mrefu, kisha akashuka polepole, akishika ukuta. Yeye hajanikosea chochote. Naandika ili nisije nikajifanya nimesahau.

Adhuhuri Mama ametuma sauti. Sikutaka kuisikiliza, nikaisikiliza. Analia, anachanganya Kihaya na Kiswahili. "Mwana wange, ni yeye mwenyewe alisema. Alisema Koku msimwambie, ataacha shule. Tumefuata neno lake."

Ningependa kuamini. Ni maneno ambayo Bibi angeweza kuyasema, nayasikia kabisa kwa sauti yake. Lakini watu walioweza kumvalisha Mama mdogo kitenge cha marehemu watashindwa kutunga wosia? Hapo ndipo waliponiumiza, na nadhani hawajui. Neno la mwisho la Bibi limenifikia kupitia midomo ile ile iliyosema anakusalimia, na sasa sijui nilishike wapi.

Na kama ni kweli alisema, basi nina hasira na wewe pia, Bibi. Ulinifungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, ukanisindikiza mpaka barabarani, ukaniambia nenda ukatazame vitu vya watu vizuri. Nimetazama. Nimetazama vizuri mpaka nimewaumbua.

Zimebaki punje nne za ile kahawa. Nimetafuna moja mchana huu na kulia nayo mdomoni, bila heshima yoyote.

Mama amepiga mara sita. Sijapokea. Mwishowe nimemwandikia mstari mmoja, bila salamu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mzazi: "Kile kitenge asikivae mtu tena. Ni changu."

Amejibu papo hapo, kama zamani.

"Kipo. Sijakifua."

Mama yangu hufua hata mfuko wa sukari ukiisha. Hajawahi kukiri mbele ya mtu kwamba nguo chafu imelala nyumbani kwake hata usiku mmoja. Amekiacha na harufu ya mama yake, na hili halikupangwa kwenye kikao. Nimeliamini.

Bado sijamsamehe. Simu yake sitapokea leo. Ile karatasi yenye ndege wa kitenge nimeibandua, nimebandika nyingine nyeupe. Mwalimu alikataza kumbukumbu, na Jumatano atanisikia. Asubuhi nitashuka kwanza kugonga kwa Signora, halafu nitapanda kuanza na kile kidole kisichokunjika.