Askari wa Kundi

Jumanne, 18 Mei 1954

Castelvano nzima imepata wazimu. Giro, mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Italia nzima, inapita hapa Ijumaa ya wiki ijayo! Bi Zaira wa baa anapaka chokaa ukuta ambao hajaugusa tangu Wajerumani waondoke. Gazeti limemtaja na mume wangu. Mstari mmoja, chini kabisa, ubavuni mwa tangazo la dawa ya minyoo: Oreste Bencini, gregario mwaminifu wa bingwa Baldovini.

Mwaminifu! Mbwa wetu naye mwaminifu, mbona hajaandikwa.

Gregario, gregario. Kila mtu analitamka kama vile ni cheo. Kazi yenyewe naijua mimi ninayemfulia fulana — kumkinga Baldovini na upepo, kumchotea Baldovini maji, Baldovini akipata pancha kumvulia gurudumu lake mwenyewe. Halafu kubaki kando ya barabara na baiskeli ya gurudumu moja, huku watoto wanamcheka.

Alhamisi, 20 Mei

Leo Mwalimu Perini katusomesha pale baa, na hakuna aliyemwomba. Eti gregario ni neno la jeshi. La Warumi wa kale! Ndivyo walivyoitwa askari wasio na cheo, wale wa kujaza safu na kufa bila kutajwa. Na neno lenyewe limetokana na Kilatini cha kundi — kundi la kondoo. Askari wa kundi. Baadaye watu wa magazeti wakaliokota, wakawavika wanyonga baiskeli. Mwalimu anasema ni neno la heshima, lina miaka elfu mbili.

Heshima ya kondoo!

Baba mkwe, Mzee Gaspare, ambaye kondoo ndio maisha yake, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema kondoo wake wote ni wapumbavu, lakini hajamwona hata mmoja akimbebea mwenzake maji.

Mimi sikucheka. Kule Urusi, vitani, Oreste alikuwa askari wa namna hiyohiyo. Kabeba sanduku la luteni kwenye theluji. Luteni akapata nishani, yeye akapoteza vidole vya mguu. Akarudi nyumbani, akapanda baiskeli, akaenda kujitafutia luteni mwingine.

Jumapili, 23 Mei

Oreste kapiga simu kwa Zaira. Anataka kuomba ruhusa. Ndiyo desturi yao: Giro ikipita kijijini kwa mtu, kundi linamwacha atangulie peke yake, awabusu watu wake, kisha akae pembeni awangoje wamfikie. Wao hawamkimbizi, na yeye hawatoroki. Anayeitumia nafasi hiyo kutoroka ni msaliti. Hasamehewi, na timu hapati tena.

Na ruhusa inatoka kwa nani? Kwa Baldovini, kwa nani tena! Mkataba wa mwakani nao uko mkononi mwa Baldovini. Yaani mume wangu aombe ruhusa ya kunibusu mimi, mkewe wa ndoa! Nikamwambia, mwulize pia kama nifumbe macho. Akasema, Ersilia, usianze.

Nilianza. Zaira akajifanya anafuta glasi.

Jumatano, 26 Mei

Bwana mkubwa amekubali. Kwa sharti! Oreste akifika ajaze chupa za maji za timu nzima pale kwa Zaira, maana ukitoka hapa kijijini barabara inapanda mlima mpaka kule Msalabani, na Bwana Baldovini huwa anasikia kiu.

Mlima ule! Oreste kachunga pale tangu hajang'oa meno ya utoto. Enzi ananiposa alikuwa anaupanda na baiskeli ya tarishi na kuwaacha vijana wote nyuma wakitapika. Baldovini mlimani anakoroma kama mfereji ulioziba. Lakini kapteni ni nani? Ukishaitwa kondoo miaka sita, unaota manyoya.

Wanashona bango. KARIBU NYUMBANI ORESTE. Nyumbani, au kisimani?

Nimetengeneza nywele. Najidharau.

Alhamisi, 27 Mei

Mvua. Bango limechuja rangi. Safi kabisa.

Ijumaa, 28 Mei

Naandikia mezani kwa Zaira, redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Alitokea peke yake kwenye kona ya kanisa. Amekonda! Watu walilia, hata Perini. Akashuka, akanikumbatia — jasho na mafuta ya mnyororo — na neno la kwanza kuniambia likawa: chupa, Ersilia, haraka. Akakimbia ndani. Zaira akamjazia. Akazisokomeza kifuani, mgongoni, kila mahali, tumbo likawa la mjamzito. Akambusu baba yake. Kisha akakaa kizingitini kwao, jirani na baa, na chupa zake, akangoja.

Mbele ya mlango wa baba yake! Amekaa anangoja! Nikasema, wako wapi? Akasema, wako chini mtoni, wanapiga soga, wamenipa muda. Nikasema, na mbele yako kuna nani? Akasema, hakuna. Halafu akaelewa ninakokwenda, akasema hapana, Ersilia. Mwakani sitakuwa na timu.

Nikamwambia, kwani mwaka huu unayo? Una bwana.

Alinitazama kwa uchungu. Sikumhurumia. Nilimhurumia, lakini sikumwonyesha. Nikamwambia nimechoka kuolewa na mkia wa Baldovini. Nikamwambia mlima ni wako, uache leo uone kama utanitazama tena usoni. Mzee Gaspare akaiinua baiskeli kutoka ukutani, akamshikia.

Oreste akapanda. Nikamsukuma. Kwa mikono yangu miwili, matakoni, mbele ya kijiji kizima! Perini anapiga kelele kusukuma ni marufuku, Bi Ersilia, watamwadhibu! Nikamwambia aende zake na Warumi wake.

Kundi lilipita baadaye. Baldovini kageuza shingo huku na huku, midomo mikavu, anamtafuta mtu wake kizingitini. Nikampungia mkono.

Sasa redio. Mtangazaji yuko kwenye pikipiki, hamalizi sentensi. Bencini yuko mbele peke yake mlimani. Baldovini amechachamaa, amewaamuru wengine watangulie wamkinge upepo, amfukuzie. Mtangazaji anasema ni usaliti, anasema Giro haijaona utovu wa adabu kama huu. Zaira amefunika uso na aproni. Nimefanya nini mimi? Mume wangu hajui kazi nyingine.

Ngoja — anapunguza mwendo. Anageuka kutazama nyuma. Baa nzima imeguna. Perini kanong'ona, atamngoja, masikini, amezoea.

Nyamaza, Perini!

Mtangazaji anasema Bencini ameachia usukani mkono mmoja, anauingiza kifuani, labda moyo unamsumbua. Moyo! Mpumbavu wewe, huo si moyo!

Chupa ya Baldovini imeanguka mtaroni. Mtangazaji haelewi. Anaingiza mkono tena.