Maana ya Neno Uliloniuliza Igogo

Buhongwa, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta na afya njema, na kwamba goti halikukusumbua ndani ya basi hadi Muleba. Baba anaendeleaje na kahawa yake? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniambia mara moja kwamba yamekwisha, nami ningekubali upesi.

Naomba nianze na siku ile ya Igogo. Kampuni yetu ilikuwa ikiwaonyesha wananchi ndege ndogo isiyo na rubani itakayopeleka dawa visiwani, na mimi, mwajiriwa mpya, nilipewa heshima ya kuieleza. Nilifurahi kukuona benchi la mbele na kitenge chako cha kanisani. Nilipachika Kiingereza kila nilipoweza, kwa kuwa meneja alikuwa akisikiliza. Nikasema hatari kubwa ya ndege ile ni "stall", nikaendelea.

Ndipo ulipoinua mkono. Uliuliza kwa adabu neno hilo lina maana gani, kwa kuwa mama mdogo Kokugonza anaishi kisiwani, na ndege ikimwangukia utataka kujua imeangukaje. Watu walicheka kwa upendo. Swali lilikuwa zuri. Nami nikakujibu kwenye kipaza sauti kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, tuwaachie waliosoma. Mwanamke mmoja nyuma yako akadakia, "Bibi, wewe rudi kwenye ndizi zako!" Kicheko kilichofuata hakikuwa kama kile cha kwanza. Nawe ulicheka pamoja nao, ukakaa, ukarekebisha kitenge.

Asubuhi niliamka nikakuta umekwishaondoka kwenda stendi ya Nyegezi, ilhali ulipanga kukaa wiki nzima. Shati langu la kazini ulikuwa umelipiga pasi.

Mama, sikukunyima maana ya neno lile kwa kuwa usingeielewa. Nilikunyima kwa kuwa sikuijua. Nililikariri tu kutoka kwenye maelezo ya watengenezaji, nikaogopa meneja asigundue. Nikaona afadhali mjinga uonekane wewe.

Tangu hapo nimesoma. Kisha nikauchukua ule ungo ulioniletea, niliouficha nyuma ya mlango wageni wasiuone, nikaenda nao ufukweni upepo ukivuma. Ukiushika bapa na kuinua kidogo ukingo wa mbele, utausikia ukiwa mwepesi mkononi, upepo unaubeba. Bawa la ndege hubebwa hivyo hivyo. Lakini ukiuinua mno, upepo haufuati tena mgongo wake, unausukuma nyuma tu, na ule wepesi unatoweka. Hiyo ndiyo "stall": ndege imeinua pua kupita kiasi, bawa halibebwi tena, nayo inaanguka hata kama injini inanguruma. Tiba yake ni kushusha pua.

Jumamosi tunarudi Igogo. Nimemweleza meneja yote, pamoja na ujinga wangu, naye ameniruhusu nianze kwa kujibu swali lililobaki. Nitasimama na ungo wako mbele ya watu wale wale. Nakuomba uje, ukae benchi lile lile.

Nisalimie Baba, na mama mdogo akivuka kuja kwenu. Na kama siku hiyo bado kutakuwa na mahali sijaeleza vizuri, Mama, usicheke tena kunisitiri. Inua mkono.

Mwanao,
Deodatus